Tuandike Tukio au Tuandike Jumla?

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanachama mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, katika bwalo la shule. Imechapishwa kwa ombi la wajumbe waliokuwapo, na kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Wale tuliosoma pamoja wanajua kwamba katika bwalo hili nilizoea kusimamishwa kwa sababu moja tu, nayo ni kueleza kwa nini nimechelewa. Leo nimesimamishwa kwa wema, na hata hivyo magoti yanatetemeka vile vile.

Ndugu Mwenyekiti, kazi niliyopewa ni kueleza jambo la ufundi kwa lugha ambayo kila mmoja wetu ataielewa, kisha kutoa shauri. Mnakumbuka kwamba mkutano wa mwaka jana uliamua Mfuko wa Ukarabati wa Mabweni uingizwe katika kompyuta, kwa kuwa michango sasa inakuja kwa simu kutoka kila pembe ya nchi, na Mweka Hazina wetu, pamoja na bidii yake yote, haimudu tena kazi hiyo kwa kalamu. Vijana wetu wawili, wote mafundi hodari, wakajitolea kutengeneza programu bila malipo. Lakini walipokaa kuichora, wakahitilafiana, na hitilafu yao ikafika mbele ya Kamati. Kamati nayo ikasema, mzee fulani amekula chumvi nyingi katika kazi hiyo, na aulizwe.

Kijana wa kwanza anasema hivi: kila mchango uandikwe kama tukio lililotokea. Fulani, siku fulani, saa fulani, ametoa kiasi fulani, kwa namba fulani ya muamala. Tukio likiisha kuandikwa lisifutwe wala lisibadilishwe kamwe. Ukitaka kujua Mfuko una kiasi gani, programu inasoma matukio tangu la kwanza na kuyajumlisha. Mafundi wanaiita njia hii iventi-sosingi. Mimi nitaiita njia ya daftari la matukio.

Kijana wa pili anasema: kuna haja gani ya kulimbikiza mistari? Michango inakuja kama maji ya mfereji. Programu na ikae kando ya mfereji, kila mchango unapopita iuongeze kwenye jumla ya mwanachama, jumla ya darasa lake na jumla ya mwezi, kisha mchango wenyewe upite zake. Tutabaki na jumla safi, nyepesi, zinazosomeka mara moja. Njia hii nitaiita kujumlisha mkondo.

Tusije tukadhani mmoja wao ni mjinga. Njia zote mbili ni za kweli na zinatumika duniani kote. Swali ni ipi inafaa wapi.

Ndugu zangu, jambo hili tulilifundishwa hapa hapa shuleni bila kujua kwamba tunafundishwa. Mnakumbuka ule ubao mdogo uliokuwa ukutani jikoni? Kila asubuhi kiranja wa zamu aliandika idadi ya wanafunzi watakaokula. Mpishi akitazama ubaoni akiona 412, anajua apime unga kiasi gani. Jioni namba inafutwa kwa kitambaa, kesho inaandikwa nyingine. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyelalamika kwamba namba ya Jumanne iliyopita imefutwa. Mpishi hakuhitaji kujua ni nani na nani wamo katika zile 412. Alihitaji jumla, tena aihitaji mapema.

Lakini hatua chache kutoka hapo palikuwa na stoo, na mtunza stoo alikuwa na kaunta buku lake. Humo kila gunia liliandikwa lilipoingia na lilipotoka, kwa tarehe, na aliyechukua alitia sahihi. Mtunza stoo alipokosea hakuruhusiwa kutumia kifutio. Alipiga mstari mmoja mwembamba ili neno la zamani lisomeke bado, akaandika la sahihi chini yake. Sisi tulimcheka tukasema mzee huyu anapenda karatasi. Kumbe mzee alikuwa analinda kazi yake na jina lake.

Jikoni walikuwa na ubao, stoo walikuwa na kitabu, na kila mmoja alikuwa na kifaa kinachofaa kazi yake. Kosa lingekuwa kumpa mtunza stoo ubao na kitambaa.

Na jambo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1494 mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice kitabu kikubwa cha hesabu, na ndani yake akaeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza vitabu vyao. Walikuwa na vitabu vitatu. Cha kwanza ni kitabu cha kumbukumbu, ambamo kila jambo liliandikwa kama lilivyotokea, dogo na kubwa. Cha pili ni jarida, ambamo mambo hayo yalipangwa vizuri kwa lugha ya hesabu. Cha tatu ni leja, ambamo kila hesabu ilikuwa na ukurasa wake na salio lake. Mtaona kwamba leja ilizaliwa na vitabu viwili vya nyuma yake. Leja ikipotea, unaweza kuiandika upya kutokana na jarida. Lakini jarida likipotea, huwezi kulitoa katika leja iliyobaki na masalio matupu. Unga haurudi kuwa mahindi.

Mafundi wa kompyuta walilisahau somo hili kwa muda, kwa sababu mashine za mwanzo zilikuwa na nafasi ndogo, na kila herufi ilikuwa na bei. Tukazoea kutunza salio tu: likija jipya, la zamani linafutwa. Katika karne hii ndipo mafundi wengi walipoanza kurudi kwenye jarida. Mwingereza Martin Fowler aliieleza njia ya matukio katika maandishi yake ya mwaka 2005, na mwaka 2011 programu iitwayo Kafka, iliyotengenezwa katika kampuni ya LinkedIn, ilitolewa kwa watu wote waitumie. Kafka ni daftari la namna hiyo: kila habari mpya inaandikwa mwishoni, haipenyezwi katikati. Ila nawaonya vijana wetu: ikiachwa na mipango yake ya kawaida, Kafka hufuta habari zilizozidi siku 7. Kwa hiyo mtu anaweza kudhani ana daftari la kudumu, kumbe ana ubao wa jikoni unaofutwa kila wiki.

Ndugu Mwenyekiti, sasa naomba niungame jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu.

Mwaka 1998 nilitengeneza programu kwa ajili ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Jina la chama na la mji nitaomba niyaache. Chama kilikuwa na wanachama wapatao 2,000, wengi wao wachuuzi wa sokoni, na walinunua kompyuta moja yenye diski ya gigabaiti 2. Mimi nilikuwa kijana mwenye haraka na mwenye kujiamini. Nikaogopa kwamba diski itajaa. Nikaamua kwamba kila mwisho wa mwezi programu ijumlishe mistari yote ya mwezi, itie jumla katika salio la kila mwanachama, kisha iifute mistari. Viongozi wakafurahi, maana mashine ilikuwa nyepesi na ripoti zilitoka haraka. Nikalipwa, nikasifiwa.

Siku moja nilipokuwa pale kwa matengenezo, alikuja mama mmoja muuza maandazi. Mwanawe alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, naye alikuja kutoa akiba yake alipe ada. Karani akamwambia salio lake. Mama akasema si hilo, limepungua shilingi 45,000. Akafungua pindo la khanga, akatoa risiti. Ilikuwa risiti ya chama, ya miezi mitano nyuma, na ilisema shilingi 45,000. Hakuna aliyeitilia shaka. Swali lilikuwa moja tu: je, shilingi hizo zimo ndani ya salio, au hazimo?

Vishina vya risiti vilikuwa vimeliwa na mchwa. Karani akanitazama mimi. Mama naye akanitazama, akasema, "Mwanangu, wewe ndiye mwenye mashine. Iulize."

Nikaiuliza. Mashine ikanipa namba moja, ile ile aliyokwisha kuisema karani. Ndugu zangu, jumla haisemi imejumlisha nini. Huenda fedha zilikuwamo na mama amesahau kwamba aliwahi kutoa nyingine. Huenda karani wa siku ile aliandika risiti na asiingize kitu katika kompyuta. Sikuwa na mstari hata mmoja wa kunionyesha. Viongozi wakasema salio la kompyuta ndilo la kweli. Mama akaikunja risiti yake, akaifunga tena katika pindo la khanga, akaondoka bila kumtukana mtu. Mpaka leo sijui nani alikuwa na haki.

Usiku ule ndipo nilipofanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya siku ya kwanza. Wanachama 2,000, kila mmoja miamala minne kwa mwezi, ni mistari 8,000 kwa mwezi, yaani 96,000 kwa mwaka. Kila mstari ukichukua baiti 100, ni baiti milioni 9.6 kwa mwaka. Diski niliyoiogopa ingeweza kubeba mistari hiyo kwa miaka zaidi ya 200. Nilimnyima yule mama jibu lake ili kuokoa nafasi ambayo isingejaa katika maisha yangu wala ya wajukuu zangu. Wahenga wetu walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa na daftari, nikalichana mwenyewe.

Lakini, ndugu Mwenyekiti, nisingependa majuto yangu yawe ndiyo hoja. Daftari la matukio lina gharama zake, na anayelisifu bila kuzitaja hawatendei haki.

Gharama ya kwanza ni kwamba salio halipo tayari, linatafutwa. Ikiwa unasoma matukio ya miaka 20 kila mtu anapouliza salio, watu watalala foleni. Dawa yake ni ile ya wahasibu: funga hesabu kila mwezi, andika salio la kufungia, na mwezi ujao anzia hapo. Tofauti na kosa langu ni moja tu: mistari ya nyuma haifutwi.

Gharama ya pili ni kwamba maumbo ya matukio hubadilika. Mwaka huu tukio lina majina mawili na kiasi. Mwaka ujao mtataka liwe na darasa na bweni. Programu mpya hapana budi iweze kusoma matukio ya zamani jinsi yalivyoandikwa, miaka yote. Huo ni mzigo wa kweli, na vijana wetu waujue kabla ya kujitwika.

Gharama ya tatu niliijua kwa aibu. Mwaka 2014, katika kazi nyingine ambayo pia sitaitaja, tuligundua kosa katika masalio, tukaamua kusoma upya matukio yote ya miaka miwili ili tuyapate yaliyo sahihi. Kazi tukaianza saa nane usiku watu wakiwa wamelala. Tukasahau kwamba programu, kila inaposoma tukio la mtu kupokea fedha, humpelekea meseji. Basi usiku ule simu zikalia nyumba kwa nyumba: umepokea shilingi kadhaa, umepokea shilingi kadhaa. Asubuhi watu walipanga mstari mlangoni, wengine wakicheka kwa furaha, kuja kuchukua fedha walizokwisha kuzila mwaka mmoja na nusu nyuma. Fundisho ni kwamba kusoma upya tukio si kulitenda upya, na programu lazima ijue tofauti ya hayo mawili.

Gharama ya nne ni ya kisheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ilitangulia na ya kwake mwaka 2019. Sheria hizi zinampa mtu haki juu ya habari zake, pamoja na kuomba zile zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Sasa daftari lisilofutika litafanyaje? Njia moja ni kutoandika majina na namba za simu ndani ya matukio. Tukio liseme tu mwanachama namba 57, na majina yakae katika kitabu kingine kinachoweza kurekebishwa.

Kwa upande wa pili, nataka kumtetea yule kijana wa kujumlisha mkondo. Zipo kazi ambazo daftari la matukio ni upuuzi. Chukueni mji wenye vihesabio 500 vya magari barabarani, kila kimoja kikipeleka habari mara moja kwa sekunde. Siku ina sekunde 86,400. Hizo ni habari milioni 43.2 kwa siku moja. Kwa baiti 50 kila moja, ni gigabaiti 2 na ushei kila siku ya Mungu. Na ni nani atakayekuja miaka mitatu baadaye kuuliza gari lililopita njia panda Jumatano saa nne na dakika saba na sekunde kumi na moja? Wanaoongoza taa za barabarani wanataka kujua: katika dakika 5 zilizopita, ni magari mangapi? Hapo unaweka dirisha la dakika 5, unahesabu, unatoa jumla, unaacha mkondo upite. Vivyo hivyo kwa joto la mashine, au mzigo wa seva. Huo ni ubao wa jikoni, na mpishi anataka namba yake sasa hivi.

Lakini hata huko kuna miiba. Habari nyingine huchelewa njiani. Dirisha la saa nne limekwisha kufungwa na jumla imetolewa, halafu inafika habari ya saa nne iliyokwama kwa sababu mtandao ulikatika. Utaitupa, au utafungua dirisha upya? Fundi lazima aamue mapema atangoja muda gani. Tena mtandao ukisitasita, habari moja huweza kufika mara mbili. Katika magari, moja likihesabiwa mara mbili hakuna anayelia. Katika fedha, mtu atalia. Mwenye daftari anaitazama namba ya muamala, akiiona imekwisha kuandikwa anaikataa. Mwenye jumla peke yake, akiisha kuzitupa namba, hana cha kulinganisha.

Ninyi nyote mnao mfano wa haya mfukoni. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na kuingia Tanzania mwaka 2008, watu walizoea meseji ya namna moja: namba ya muamala, kiasi, na mwisho salio jipya. Tukio na jumla katika karatasi moja. Mtu akibishana na wakala hamwonyeshi salio tu, anamwonyesha namba ya muamala.

Kabla sijatoa shauri, naomba niwapeleke Uingereza kidogo, kwa sababu yaliyotokea huko yanatuonya kwamba kuwa na kumbukumbu peke yake hakutoshi. Kuanzia mwaka 1999 Posta ya Uingereza iliweka katika ofisi zake ndogo programu ya hesabu iitwayo Horizon. Programu ikaanza kuonyesha upungufu wa fedha. Wasimamizi wa ofisi hizo wakasema hawakuchukua kitu. Wakaambiwa kompyuta haikosei, walipe. Kwa miaka mingi wakashtakiwa, na watu zaidi ya 900 wakatiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu ya London ilitamka kwamba programu ile ilikuwa na kasoro, na kwamba wafanyakazi wa kampuni iliyoitengeneza waliweza kuingia kutoka mbali na kutia miamala katika hesabu za ofisi bila msimamizi kujua. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kuwafutia watu hao hatia zao.

Kumbukumbu za miamala zilikuwapo. Lakini aliyeshtakiwa hakuwa na uwezo wa kuzichunguza zote mwenyewe, na palikuwa na mlango wa nyuma wa kutia mistari. Kwa hiyo daftari linahitaji mambo mawili zaidi: mwenye kulalamika aweze kulisoma, na kila mstari uonyeshe ni nani kweli aliyeuandika. Bila hayo, daftari ni silaha ya mwenye nalo.

Ndugu Mwenyekiti, nathubutu sasa kutoa shauri langu. Fundi anayechagua kati ya njia hizi mbili ajiulize maswali matatu. La kwanza: je, yupo mtu ambaye siku moja atakuja kuuliza imekuwaje, na ana haki ya kujibiwa? La pili: je, maswali yote ya kesho tunayajua leo? Maana jumla hujibu maswali yale tu uliyoyafikiria ulipoitengeneza, na tukio linaweza kujibu hata swali ambalo halijazaliwa. La tatu: je, tumepiga hesabu ya gharama, au tunaogopa tu kama nilivyoogopa mimi?

Tuupime Mfuko wetu. Swali la kwanza: mwaka jana katika bwalo hili ndugu yetu mmoja alisimama akasema jina lake limesomwa miongoni mwa wasiolipa, ilhali alilipa. Tulipoteza saa nzima, na undugu ukaingia doa. La pili: jana tulitaka jumla za madarasa, leo mnataka za mabweni, kesho hatujui. La tatu: tukiwa wanachama 600, kila mmoja akichanga mara moja kwa mwezi, ni matukio 7,200 kwa mwaka. Kwa baiti 200 kila moja, hazifiki baiti milioni moja na nusu. Picha moja ya mkutano huu mtakayoipiga kwa simu mara nyingi itazidi hapo.

Kwa hiyo nashauri kwamba shina la programu liwe daftari la matukio. Mstari usifutwe. Mweka Hazina akikosea, aandike mstari mwingine wa kusahihisha, wenye sababu na jina lake. Kila mwezi hesabu ifungwe na salio liandikwe, lakini mistari ibaki. Na kila mwanachama aweze kusoma mistari yake mwenyewe wakati wowote, bila kumwomba mtu ruhusa.

Juu ya shina hilo, kijana wetu wa pili ajenge jumla zake: za madarasa, za mabweni, za miezi. Zipachikwe ubaoni watu wazione na kushindana. Jumla hizo zikiharibika, tutazifuta na kuzitoa upya katika daftari bila hofu yoyote. Na siku ya mkutano, idadi ya wanaokula ihesabiwe mlangoni, ipelekwe jikoni, kisha ifutwe. Tusimtunzie mtu kumbukumbu ya sahani alizokula, maana wengine tutaaibika.

Vijana wetu hawakuwa na ugomvi, ndugu zangu. Mmoja alikuwa anazungumzia stoo, mwingine anazungumzia jikoni, na shule inahitaji vyote viwili. Ila stoo ndiyo hutangulia.

Mimi sikuwahi kumwona tena yule mama. Mwanawe, kama alisoma, sasa ni mtu mzima, na huenda amekaa katika mkutano kama huu wa shule nyingine. Siwezi kumrudishia mama yake jibu. Lakini ninaweza kuomba kwamba mwanachama yeyote wa Mfuko huu atakapokuja na risiti yake mkononi na kusema, iulize mashine, basi mashine iwe na la kumwambia.